Mtoto wa Nani? Kurasa Zetu Hazijui Wazazi Wao

Wandugu, huku Goma ukikuta mtoto mdogo peke yake njiani, jambo la kwanza unamuuliza: "We mtoto wa nani?" Akijibu, unajua pa kumrudisha. Kurasa nyingi za tovuti tunazojenga hapa mjini haziwezi kujibu swali hilo, na kosa ni letu sisi tuliosoma.

Juzi mdogo wangu alinitumia kwa WhatsApp linki ya chuo kimoja. Ikafunguka orodha ya pesa za masomo. Ya mwaka gani? Haikuandikwa. Ya kitivo gani? Haikuandikwa. "Mukubwa, nilipe hii?" Nikabonyeza kurudi nyuma, ikanirudisha WhatsApp. Menyu iko, lakini imefichwa chini ya vile vistari vitatu, na ndani kuna kurasa kubwa tu. Mega zikaisha ningali natafuta.

Aliyejenga tovuti ile alidhani kila mtu anaingia kwa mlango mkubwa. Kumbe sisi tunaingia kwa dirisha: linki inatoka kwa rafiki, inafungua ukurasa mtoto moja kwa moja.

Tovuti nyingi za namna hii zinasimama kwenye WordPress, iliyoandikwa kwa PHP. Ukitengeneza ukurasa unauchagulia mzazi, na namba ya mzazi inahifadhiwa kwenye safu ya post_parent; asiye na mzazi anapata 0. Wengi wetu tunaishia hapo, eti kazi imeisha. Hapana. Kuchagua mzazi kunabadilisha anuani. Msomaji haoni linki yoyote mpaka kiolezo kiioneshe.

Wengine wanaandika linki kwa mkono ndani ya kila ukurasa. Siku anuani ya mzazi inabadilishwa, zote zinakufa. Tena anuani za watoto nazo zinabadilika, na WordPress haiweki kumbukumbu ya anuani ya zamani kwa kurasa hizi kama inavyofanya kwa makala. Linki zilizokwisha kuzunguka kwenye magrupu zinaweza kubaki mayatima.

Dawa ni fupi. Kwenye page.php, kama post_parent si 0, onesha linki ya get_permalink($post->post_parent) pamoja na jina la mzazi. Kisha wp_list_pages yenye child_of ikuletee ndugu zake. Unaandika mara moja, kurasa zote zinapona. Na wewe unayeandika PHP yako mwenyewe, acha kuhesabu ../ na ../../, juu ukihamisha faili hesabu inaharibika. Anzia linki kwenye mzizi, kwa alama ya /.

Mtu atasema: "Hayo ni mambo madogo." Tukumbuke Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 jioni. Tarehe 27 amri ikatoka: mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Mwezi Juni serikali ikatangaza watu warudi hatua kwa hatua. Kwa wiki chache tu, tangazo la jana lilikuwa limeshapitwa na la leo, na simu zetu zilijaa yote mawili. Tangazo likiwa ukurasa mtoto usio na tarehe wala linki ya mzazi, mama aliye Sake na watoto atajuaje kama ni la mwisho? Linki moja tu, "Matangazo yote", ingemwonesha jipya.

Sisi njo tunaitwa kujenga tovuti hizi, mara nyingi kwa pesa kidogo na haraka. Lakini mstari huu hauongezi gharama. Leo fungua tovuti uliyojenga, chagua ukurasa wa ndani kabisa, jitumie linki kwa WhatsApp, uingie kwa simu kama mgeni. Kisha uulize ukurasa ule: we mtoto wa nani?