Majina Yaliyokatwa

Kikosi cha timu ya kijiji hapa Matongo huandikwa kwenye daftari la shule, ukurasa wa nyuma kabisa, kwa kalamu ya wino wa bluu. Majina 11 yanaanzia kwa kipa, unapigwa mstari, kisha yanafuata ya benchi. Watazamaji wanaojipanga pembeni mwa uwanja Jumapili jioni wanaona tu kilichotoka humo: vijana wamevaa jezi, wengine njumu za kuazima, wanangoja refa atazame saa. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyokatwa. Jina lililoandikwa, likakatwa, likarudishwa kwa herufi ndogo pembeni, kisha likakatwa tena, limempa kocha usiku mbaya kuliko mpinzani yeyote.

Kupanga kikosi ni ufundi, na ni ufundi usio na shukrani. Timu ikishinda, wanasifiwa waliofunga. Ikifungwa, kila aliyesimama kwenye mstari anajua nani angepangwa, na anajua kwa sauti kubwa.

Kwa Matongo kazi hiyo ina uzito wake. Kata yetu iko wilayani Tarime, ubavuni mwa mgodi wa North Mara, na Mto Mara ndio unaotutenga na wenzetu wa Serengeti. Mgodi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002 chini ya kampuni yenye asili ya Australia, ukaenda kwa Placer Dome ya Kanada mwaka 2003, ukaingia mikononi mwa Barrick mwaka 2006. Majina ya wamiliki yalibadilika, ila watu hawakuacha kuja. Kwa hiyo kocha anapofungua daftari lake, beki wa kati yuko shifti ya usiku, winga anaendesha bodaboda na hatakuja mazoezini kama abiria ni wengi, kipa ni mwanafunzi na mama yake hataki kusikia habari za mpira kabla ya mitihani. Kiungo bora ni Msabato, naye Jumamosi humpati hata ukimwahidi ng'ombe mzima. Juu ya hayo kuna koo. Mkurya haulizi tu mtoto anacheza namba ngapi, anauliza ni wa nani. Kocha akipanga watatu wa upande mmoja na mmoja wa upande wa pili, jioni hiyohiyo atasimamishwa njiani na mzee mwenye fimbo: "Mura, mtoto wetu amekukosea nini?"

Kuchagua 11 wazima walio bora si kazi ngumu sana. Shabiki yeyote mwenye macho anaweza, na pengine akapatia. Kocha anajulikana pale mchezaji bora kuliko wote anaporudi kutoka kwenye majeraha na kusema amepona.

Tunaye mmoja wa namna hiyo, straika, na jina lake nitaliacha. Msuli wa nyuma ya paja ulimchanika, akarudi mapema, ukachanika tena. Msimu uliopita aliteguka goti, kano ya upande wa ndani. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto na kumchua siku ileile kwa nia njema kabisa, goti likavimba mara mbili, maana kuchua na joto siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe ndani ya jeraha. Barafu, bendeji na kuinua mguu vingemfaa zaidi. Alikaa nje miezi, akauza chipsi, akanenepa kidogo, akapungua. Kisha siku moja akatokea mazoezini na njumu begani.

"Goti vipi?" kocha akamuuliza.

"Limepona, Mwalimu."

"Nani kakwambia?"

"Nalijua mwenyewe."

Kocha hakubishana naye. Alimwambia aruke kwa mguu mzima, aruke, aruke, mara tatu mfululizo, kisha akapima kwa hatua zake mwenyewe, kisigino mbele ya vidole, mpaka alipotua. Akamwambia arudie kwa mguu uliougua. Tofauti ilikuwa ndogo, chini ya hatua moja, na kijana akacheka. Nilidhani mambo yamekwisha. Kocha akapanga makopo manne ya rangi kwenye vumbi na kumwambia akimbie kwa kasi akizunguka kila kopo. Alikimbia vizuri mno. Kocha akanisogelea na kuniambia polepole, "Tazama miguu." Ndipo nilipoona. Kila alipofika kwenye kopo alikata kona kwa mguu uleule mmoja, hata pale ambapo ingekuwa rahisi kutumia mwingine. Goti lilikuwa limepona, lakini mwenye goti alikuwa bado hajaliamini. Kocha akayahamisha makopo mawili hatua chache, kiasi kwamba kona ilibidi ikatwe kwa mguu wa jeraha. Kijana akapunguza mwendo, karibu asimame.

"Bado," kocha akasema, na akafunga daftari.

Mahospitalini kipimo hicho cha kuruka kwa mguu mmoja kinafanywa kwa futi ya mkanda, na kawaida mguu ulioumia hutakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kabla mchezaji hajaruhusiwa kurudi uwanjani. Wachunguzi wa Norway na Marekani walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wachezaji waliofanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti: kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka kufikia miezi tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Nimeyasoma hayo nikamkumbuka mtu wa makopo. Hajasoma utafiti huo wala hana futi, ila jicho lake liliuona mguu unaokwepa kazi, jambo ambalo futi haiwezi kuliona.

Kwa kuwa mgodi wetu ulifunguliwa na watu wa Australia, niruhusiwe kwenda kwao kidogo. Wana mpira wao wenyewe, uwanja wa duaradufu, watu 18 kila upande, mpira uliochongoka ncha mbili, na mikono inaruhusiwa. Humo yumo mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana nchini Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini, akafika Australia akiwa mtoto. Mwaka 2016 ndiyo kwanza alipenya kikosi cha Sydney Swans, na msimu huohuo timu ikaenda mpaka mwisho. Katika nusu fainali dhidi ya Geelong akaumia goti, kano ya upande wa ndani, jeraha lilelile la kijana wetu wa Matongo. Fainali ilikuwa 1 Oktoba, wiki moja tu baadaye. Hakupangwa. Sydney walifungwa na Western Bulldogs pointi 89 kwa 67 mbele ya watu karibu laki moja.

Hakuna anayeweza kusema angebadilisha nini. Ninachojua ni kwamba goti hilo lilipata muda wake. Alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza huko, aliingizwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima.

Upande wa pili wa fainali ileile palikuwa na habari inayosimuliwa zaidi. Nahodha wa Bulldogs, Bob Murphy, alikatika kano ya goti mwanzoni mwa msimu na akautazama mwaka wote akiwa nje, mwaka ambao timu yake ilichukua ubingwa wa kwanza tangu 1954. Kocha Luke Beveridge alipovishwa medali yake, alimwita Murphy jukwaani akamvika yeye. Watu walilia. Murphy baadaye alimrudishia, kisha akarudi uwanjani msimu wa 2017 akacheza mwaka wake wa mwisho. Mimi naithamini zaidi kazi ya miezi iliyotangulia: kumweka mtu aliyeumia ndani ya chumba, kumsikiliza, kumfanya ajue jina lake liko daftarini hata kama liko chini ya mstari. Medali ilikuja baada ya hayo.

Huku kwetu mifano ipo. Shomari Kapombe aliumia kifundo cha mguu mwaka 2018 akiwa kambini na Taifa Stars Afrika Kusini, akakosa sehemu kubwa ya msimu ambao Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba hawakumngoja kwa kukaa, walimleta Zana Coulibaly aikamate nafasi yake. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi, kwa sababu anayemharakisha majeruhi mara nyingi ni kocha ambaye hakuandaa mtu wa pili. Kapombe akarudi kwa wakati wake, na Februari 2021 Simba walipoifunga Al Ahly 1-0 pale kwa Mkapa, beki ya kulia ilikuwa yake. Tusisahau pia kwamba goti la mtu mmoja ni mlango wa mwingine. Wesley wa Aston Villa aliumia siku ya Mwaka Mpya 2020, na kabla mwezi huo haujaisha Mbwana Samatta alikuwa amesajiliwa. Mtanzania wa kwanza kufunga goli Ligi Kuu ya Uingereza alipitia kwenye nafasi iliyoachwa na kano iliyokatika.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Victor Wanyama. Alikuwa mhimili wa Tottenham, akaumia goti Agosti 2017, akakaa nje mpaka Januari. Mkenya yeyote ungemuuliza angesema apangwe tangu dakika ya kwanza. Kocha wake, Mauricio Pochettino, akamrudisha kidogokidogo. Tarehe 4 Februari 2018, uwanjani Anfield, timu iko nyuma 1-0, alimwingiza zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Kipa wa Liverpool akapangua mpira kwa ngumi, ukamkuta Wanyama mbali na goli, akaupiga vile ulivyokuja, ukaingia. Hata dakika mbili hazijatimu tangu aingie. Mechi iliisha 2-2. Goti lenye dakika kumi za kazi linaweza kupiga shuti la namna ile. Goti hilohilo likishatumika dakika themanini, sina hakika.

Tangu mwaka 2020 sheria imewasaidia makocha, kwani wachezaji watano wanaweza kubadilishwa katika mechi moja badala ya watatu. Zamani kumrudisha majeruhi kwa dakika 15 ilikuwa kula theluthi ya akiba yako. Leo kocha hana kisingizio.

Visingizio vinatoka kwa wengine. Yuko mfadhili, aliyenunua jezi na kwa hiyo anadhani amenunua na kikosi. Hawakosi wenye kuweka fedha zao kwenye mechi. Kuna mamluki kutoka mjini, analetwa kwa pikipiki saa moja kabla ya mechi, hamjui mtu, anachukua namba ya kijana aliyefanya mazoezi wiki nzima. Na kuna sindano. Mtu anachomwa dawa ya kuua maumivu nyuma ya darasa, anaingia uwanjani anakimbia kama mzima, na Jumatatu hawezi kushuka kitandani. Kocha anayekubali sindano hiyo amejinyima habari pekee ambayo mwili ulikuwa unampa. Huyo simwiti kocha, hata akileta kombe.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana hata kikosi kilichopangwa vizuri kinaweza kuangushwa na mambo ya ofisini. Mwaka 2021 Biashara United, timu ya mkoa wetu wa Mara, iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kikosi cha marudiano hakikufika Libya, safari ya ndege ilikwama kwenye vibali, na timu ikatolewa bila kupiga mpira. Msimu huohuo ikashuka daraja. Mpaka leo Musoma ukitaka kumkera mtu mzima, mtajie ndege.

Straika wetu naye? Alifanya kazi ya makopo kwa wiki kadhaa, akikata kona kwa mguu asioupenda, akinung'unika. Alikaa benchi mechi mbili bila kuvua traksuti. Mzee mwenye fimbo alimfuata kocha mpaka nyumbani, akapewa kiti na chai na jibu lilelile: "Tata, bado kidogo." Mechi ya tatu, dhidi ya timu ya ng'ambo ya mto, aliingizwa dakika 20 za mwisho. Hakufunga. Alipoteza mipira miwili, akapiga mmoja juu ya mwamba, na mara moja, karibu na kibendera cha kona, akamgeuza beki kwa mguu uleule wa jeraha. Kocha hakushangilia, alitazama jinsi alivyotua. Tulitoka sare, na Jumapili iliyofuata jina la kijana lilikuwa tena chini ya mstari.

Ningempanga vivyo hivyo. Wewe unayechangia timu ya mtaani kwako, fedha za jezi mpya zingoje, nunua kwanza bendeji na barafu. Na kocha akisema bado, mwache.