KeePassXC Juu ya Qt 6: Msingi Mpya, Siri Zilezile

Jamani, limefunguka! Faili la majaribio la kutunzia nywila (.kdbx) nililolitengeneza kwa KeePassXC ya kawaida limefunguliwa na KeePassXC iliyojengwa juu ya Qt 6, na kila kitu kipo. Makundi yapo, majina ya kuingilia yapo, nywila zipo, viambatisho vipo, hata historia ya nywila zilizowahi kubadilishwa ipo. Haikuniuliza nibadilishe muundo wa faili wala kunitaka nihamishe chochote kwa mkono. Nimeandika nywila kuu, nikabonyeza Enter, basi!

Kwa asiyeifahamu, KeePassXC ni programu huria ya kutunza nywila kwenye kompyuta za Windows, macOS na Linux. Mzizi wake ni KeePass ya Mjerumani Dominik Reichl, iliyoanza mwaka 2003. Ikafuata KeePassX kwa watu wa Linux, na hiyo ilipopunguza mwendo, wanajamii wakaichipusha KeePassXC mwaka 2016. Toleo la kwanza likatoka Januari 2017. Ni bure, haina ada ya mwezi, haina akaunti ya kufungua wala seva ya mbali inayokaa na siri zako. Siri zote zimo ndani ya faili moja ulilonalo wewe.

Huku kwetu Kirushya, Tanzania, kama ilivyo wilaya nzima ya Ngara hadi Biharamulo, jambo hilo lina uzito wa pekee. Mwalimu mmoja tu ana nywila za mifumo ya serikali ya ESS, PEPMIS na PReM, ya barua pepe na ya benki. Akiwa mkuu wa shule anaongezewa NeST ya manunuzi. Wengi wanaziandika nyuma ya daftari la maandalio, au wanatumia nywila moja kila mahali. Na wilaya yetu inapakana na Rwanda na Burundi: ukisogea mpakani simu inaweza kurukia mtandao wa jirani na bando likawa halina kazi. Programu inayofanya kazi bila intaneti kabisa ndiyo inayotufaa. Ndiyo maana habari ya Qt 6 imenipa furaha hivi!

Qt ni kiunzi: mkusanyo wa vipande ambavyo waandaa programu huvitumia kuchora madirisha, vitufe na menyu, ili msimbo mmoja ufanye kazi kwenye mifumo endeshi tofauti. Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ndio waliokianzisha, na toleo la kwanza kwa umma lilitoka 1995. KeePassXC imeishi miaka yote juu ya Qt 5. Lakini Qt 5.15 ya Mei 2020 ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika ukoo huo, Qt 6.0 ikatoka Desemba 2020, na kuanzia Januari 2021 marekebisho ya muda mrefu ya 5.15 yakawa ya wateja wanaolipia kwanza. Jumuiya ya KDE ilibeba mzigo wa kukusanya viraka ili programu huria zisikwame. Hata hivyo, programu ya usalama haiwezi kukaa daima juu ya kitu kinachoishi kwa viraka. Ilibidi kuhama.

Na kuhama si kubadilisha namba 5 kuwa 6! Qt 6 inadai C++17. Darasa la QRegExp limeondolewa kwenye kiini, na kila utafutaji uliolitegemea unapaswa kuandikwa upya. Moduli za X11 Extras, Mac Extras na Windows Extras, zilizokuwa daraja la kuzungumza na kila mfumo endeshi kwa lugha yake, nazo hazipo tena. Programu kama hii, inayoandika nywila yenyewe kwenye dirisha la programu nyingine, inaguswa na mabadiliko hayo moja kwa moja. Ni kama kubadilisha msingi wa nyumba huku wenyewe wamelala ndani. Na wenyewe hawakuamka!

Siri ya utulivu huo iko kwenye mgawanyo wa kazi. Tangu toleo 2.7.0 la mwaka 2022, usimbaji fiche wa KeePassXC unafanywa na maktaba ya Botan, si Qt. Faili la KDBX 4 linafungwa kwa AES-256 au ChaCha20, na nywila yako kuu inapitishwa kwenye kanuni ya Argon2, mshindi wa mwaka 2015 wa shindano la kimataifa la mbinu za kulinda nywila, inayomlazimisha mwizi atumie kumbukumbu nyingi ya kompyuta kwa kila nywila anayoibahatisha. Qt inachora dirisha tu. Ndiyo maana dirisha limebadilika na kufuli limebaki lilelile, na KeePassDX kwenye simu ya Android inaendelea kulifungua faili hilohilo.

Sasa tutazame dirisha lenyewe. Herufi! Qt 6 inawasha yenyewe ukuzaji wa skrini zenye nukta nyingi, na inaukubali ukuzaji wa asilimia 125 au 150 jinsi ulivyo, bila kuulazimisha uwe namba nzima. Kwenye kompyuta yangu ya Linux maandishi yametulia, ikoni zina kingo safi, na orodha ndefu inapanda na kushuka kwa ulaini. Ukoo huu wa Qt, tangu toleo 6.5 la mwaka 2023, unaweza pia kuuliza mfumo endeshi kama mtumiaji anapenda mwanga au giza. Umeme ukikatika usiku ukabaki na betri tu, macho yako yatashukuru.

Mikono haihitaji kujifunza upya. Ctrl+B inanakili jina la kuingilia, Ctrl+C inanakili nywila, na ubao wa kunakilia unajisafisha baada ya sekunde 10. Kwa anayefanyia kazi zake kwenye kompyuta ya steshenari akiwa na faili lake kwenye flashi, sekunde hizo ni ulinzi wa kweli.

Kisha nikafungua kizalishaji cha nywila, nikachagua upande wa maneno. Kwa kawaida kinaokota maneno saba kutoka orodha ya Kiingereza yenye maneno 7,776, lakini kinakubali orodha yako mwenyewe. Nikakipa ya Kiswahili, ya majaribio tu. Kikanirudishia "kahawa-mgomba-radi-fundi-mtumbwi-jembe-sabuni". Hebu isome kwa sauti! Hiyo usiitumie, kwa kuwa imeshachapishwa hapa, lakini ona jinsi inavyokaa kichwani.

Yapo ya kuangalia. Qt 6 haiendi kwenye Windows 7 wala 8, na kompyuta za namna hiyo bado zipo kwenye ofisi na maduka yetu. Dawa ni Linux, inayozipa mashine hizo maisha mapya bila gharama ya leseni. Pili, kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha ya Linux, uandishi wa nywila kiotomatiki una mipaka, maana Wayland yenyewe inazuia programu moja kuchapa ndani ya nyingine. Hilo Qt 6 pekee haiwezi kulimaliza. Kunakili na kubandika kunaendelea vizuri. Tatu, nimejaribu msimbo wa maendeleo, si toleo rasmi. Faili lako la kazi lisiguse majaribio. Jaribu kwa nakala.

Uamuzi wangu ni huu: anayetumia KeePassXC leo aendelee bila hofu, na toleo rasmi la Qt 6 likifika, anakili .kdbx yake kwenye flashi mbili kisha apandishe. Ambaye bado anaandika nywila kwenye daftari asisubiri Qt yoyote. Toleo lililopo linatosha kuanza leo, na faili lake litavuka naye. Nasi tunaozungumza lugha hii tuna kazi moja tamu mbele yetu: kukusanya maneno 7,776 ya Kiswahili, mafupi, yasiyofanana, yasiyo na matusi, tuyaweke huru kwa kila mtu. Mimi nimeanza na herufi A!