Ustadi wa Kutoka Nje ya Mada

Msemaji akiliacha alilokuwa akilieleza na kushika jingine, Waingereza husema ameondoka na tanjenti. Msemo wameutoa kwenye jiometri: mstari mnyoofu unagusa duara mahali pamoja tu, kisha unakwenda zake moja kwa moja. Ni lawama, sawa na wino mwekundu wa mwalimu wa insha: "Umetoka nje ya mada." Lawama hiyo siikubali yote. Kutoka nje ya mada ni kazi ya fundi, na fundi wake mkubwa ninayemjua ni Laurence Sterne, kasisi wa Yorkshire.

Riwaya yake, Tristram Shandy, ilitoka kwa juzuu tisa kati ya 1759 na 1767. Tristram anasimulia maisha yake tangu mwanzo kabisa, lakini anachepuka mara nyingi kiasi kwamba mpaka juzuu ya tatu ndipo anazaliwa. Dibaji nayo imewekwa humo humo, katikati ya juzuu ya tatu.

Kuna mahali pamoja ninapopapenda kuliko pote. Baba yake Tristram ameketi na ndugu yake, ami Toby. Ghorofani kuna vishindo, maana mama ameshikwa na uchungu. Baba anauliza kuna nini huko juu. Ami Toby anatoa kiko mdomoni, anakigonga mara mbili tatu kwenye ukucha wa kidole gumba, anaanza kusema anachodhani, na papo hapo Sterne anamwacha. Tunapelekwa kwenye haya ya mzee huyu, kisha kwenye mazingiwa ya Namur ya mwaka 1695, ambako jiwe lililomeguka ukutani lilimjeruhi kinenani. Tunamwona kitandani, akihangaika kuwaeleza wageni alipokuwa amesimama siku hiyo na kushindwa. Anatafuta ramani. Ramani inazaa vitabu vya maboma, na vitabu vinazaa hamu ya kujenga maboma madogo shambani pamoja na Trim, mtumishi wake. Sentensi inakuja kumalizika katika juzuu ya pili: ami Toby alitaka tu kusema kwamba heri wapige kengele.

Maneno yenyewe hayana uzito. Lakini tunapoyasikia tumekwisha kumjua mtu mwenye kiko, kidonda chake na upole wake, na kwa njia ya mkato tusingemjua. Anayepayuka angemsahau Toby na kiko chake mkononi. Sterne hakumsahau, na kule alikotupeleka kote kulimhusu Toby yule yule.

Wazee wetu barazani wanaujua ufundi huu. Hueleza ya pembeni hadi yaeleweke, kisha husema, "Tuyaache hayo," wakarudi pale pale walipoachia. Basi, mwalimu, kabla hujaushika wino mwekundu, soma insha ya mwanafunzi hadi mwisho uone kama amerudi, na amerudi na nini. Akiwa amerudi na kitu, mpe alama zake.