Gari Umelinyanyua, Sasa Mbona Bado Linakwama?

Ukipeleka Land Cruiser gereji ukasema unataka lihimili njia mbovu, mara nyingi utauziwa mzigo uleule: springi ndefu na ngumu, shokapu mpya, gari linapanda inchi mbili, linapendeza. Kupendeza sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kwamba mzigo huo huuzwa kama dawa ya kukwama.

Masika moja tulikuwa wanne kwenye gari la utafiti huko Usangu, limenyanyuliwa vizuri kabisa. Tairi moja la nyuma likaning'inia juu ya mfereji likazunguka kama feni. Mwenzake, lililokuwa limekanyaga chini, likatulia tuli. Mbele nako upande mmoja ukawa unateleza tu. Tulitolewa na trekta jioni.

Kwa nini? Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawasawa kwa tairi la kulia na la kushoto. Tairi lililo hewani linahitaji nguvu kidogo sana ili lizunguke, basi na mwenzake hupata kidogo hichohicho. Kuingiza foo-wili hakukuokoi, maana mbele kuna difu yake na nyuma yake, na kila moja ina udhaifu uleule.

Sasa angalia springi. Njia ikiwa na mashimo, kazi yake ni kuiacha ekseli ipinde ili kila tairi libaki chini. Ukiweka ngumu kuliko uzito wa gari lako, ekseli hukataa kupinda na tairi huachana na ardhi mapema. Yaani umelipa hela kuongeza tatizo ambalo difu haiwezi kulitatua.

"Lakini si limepanda juu?" Bodi ndiyo imepanda. Kwenye gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, lile bakuli la difu linabaki palepale. Kinacholiinua ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Kilichopanda kweli ni kitovu cha uzito. Tuseme tairi zimeachana mita 1.5 na kitovu kiko sentimita 75 juu: kwa hesabu ya karatasi gari linaanguka kwenye mwinamo wa nyuzi 45. Kipandishe sentimita 5, zinabaki kama 43. Barabarani, springi zikilala na tairi zikibonyea, ni pungufu ya hapo.

Tuwe wa haki: springi ngumu zina mahali pake. Gari la watalii lenye kericho la mizigo juu, tairi mbili za akiba na mapipa ya maji, likiwa na springi za kiwandani litalala matako. Ila zipimwe kwa kilo unazobeba kila siku, na shokapu ziendane nazo, la sivyo gari litadunda.

Hela ikiwa kidogo, mimi ningeanza na tairi nzuri, kipimo cha upepo na pampu ndogo. Tairi lenye mzigo wa kilo 600, ukilishusha kutoka psi 35 hadi 18, eneo linalogusa ardhi hukaribia kuwa maradufu. Kwenye mchanga utaona tofauti papo hapo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga faida ni ndogo, kwa sababu ule mfinyanzi hujaza meno ya tairi. Hapo unahitaji meno yaliyoachana. Ukirudi lami, jaza upepo kabla ya kukimbia, maana tairi laini hupata moto na kupasuka.

Baada ya hapo, difu loki ya nyuma. Hiyo ndiyo ingetutoa Usangu. Kunyanyua kuje mwisho, kama bado unaona haja.

Kabla hujalipa, muulize fundi: springi hizi ni za gari lenye kilo ngapi? Akikujibu kwa inchi, usitoe hela kwanza.