Kipande Kimoja cha Nyanda za Juu

"Sokoine na Samora": hesabu silabi, utapata mizani nane, kipande kamili cha mshororo wa shairi la kwetu. Ni majina ya viwanja viwili vya Nyanda za Juu Kusini, cha kwanza Mbeya, cha pili Iringa. Kipande hiki hakikutungwa na malenga yeyote, ila chastahili kuhakikiwa kama tungo nyingine.

Kwanza maudhui. Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1984 akiwa Waziri Mkuu. Samora Machel, Rais wa Msumbiji, alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1986. Hakuna kati yao aliyekuwa mwana wa nyanda hizo. Mji unaompa mgeni jina la uwanja wake humfanya mwenyeji, na hapo ndipo ulipo uzuri wa kipande hiki. Iringa humtaja Mmsumbiji kila mpira unapochezwa, bila ya kungoja mashindano ya kimataifa.

Pili kasoro. Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoandaa CHAN, mechi za Tanzania zilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti 60,000, na Amaan, hapa Unguja. Sifa zetu nazo zikaishia huko: viti, taa na nyasi. Mkoa wa Mbeya, uliotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa nchi mwaka 1986, na Mbeya City, iliyoshika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ukatazama kwa mbali.

Yupo atakayesema kuwa jina halijengi jukwaa. Ni kweli. Jina kubwa juu ya uwanja usiotunzwa ni kina kisicho na mizani: chapendeza sikioni, shairi halisimami. Lakini viti elfu sitini visivyomkumbusha mtu jambo ni mizani tupu, hesabu isiyo na ujumbe.

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027 yamekabidhiwa nchi hizo hizo tatu, na hamu ya viwanja vya kisasa imepanda. Siku majukwaa mapya yatakapofika Mbeya na Iringa, waashi wabadilishe watakacho, ila majina hayo mawili wayaache. Nasi watunzi wa pwani tuna deni: mshororo una vipande viwili, na cha pili bado hakijatungwa.