Kuchagua Hadithi ya Mtoto kwa Sikio

Mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule ya msingi, naye ana fedha za vitabu kumi tu, kwa kawaida hutazama jalada, bei na funzo lililoandikwa nyuma ya kitabu. Mambo hayo yana maana yake, ila hakuna hata moja linaloonyesha kama mtoto wa darasa la tatu atafika ukurasa wa mwisho. Linaloonyesha ni sentensi, na sentensi ya hadithi ya Kiswahili hupimwa kwa sauti. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni, maana ukurasa wa kwanza mwandishi na mhariri huuhangaikia kuliko mingine yote. Soma kurasa mbili kwa mwendo wa kusimulia. Ukijikuta unakwama, au unabadilisha maneno njiani ili yatamkike, kirudishe rafuni.

Sikio hunasa nini? Kwanza, mwendo wa vitenzi. Msimuliaji hufungua tukio kwa -li- kisha hulisukuma kwa -ka-: alitoka, akafunga mlango, akaita. Kitabu kinachoandika alitoka, alifunga, aliita, ukurasa mzima, hakijavunja kanuni ya sarufi, lakini kimeua hadithi. Matukio yamebaki yamepangwa kama bidhaa dukani, hakuna linalozaa jingine. Kasoro hii huja na ndugu zake: “yeye” asiyehitajika, wakati kitenzi kimekwisha kumbeba mtenda, aya baada ya aya zinazoanza na “kulikuwa na”, fisi anayezungumza kama barua ya ofisi. Sikiliza pia tanakali za sauti. Mwandishi anayejua kazi huliacha jiwe lizame chubwi na gunia lianguke pu. Asiyejua huarifu kwamba kitu kilitoa sauti kubwa. Halafu kuna upatanisho, kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakidanganyi. Katika hadithi ambamo jua linasema, mwandishi ana ruhusa ya kuandika “jua likasema” au “Jua akasema”, mradi ajue anachokifanya. Anayerukaruka kati ya njia hizo mbili bila sababu hajaamua kama Jua ni mhusika au ni pambo.

Kwa wasomaji wa madarasa ya mwanzo, usikubali kiwango cha ugumu kinachohesabu maneno tu. “Hawakunitafutia” ni neno moja lenye silabi nane, na ni sentensi kamili. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi hufika mwisho wake akiwa amesahau waliokataa kutafuta na aliyenyimwa. Hesabu silabi. Mwandishi mzuri hayakimbii maneno hayo marefu, bali huliweka moja kati ya mafupi, halafu hulirudia ukurasa unaofuata ili lizoeleke. Maneno yetu hutamkwa yanavyoandikwa, basi mtoto huweza kutamka mapema kuliko anavyoelewa, na mtu mzima anayesikiliza hudanganyika kwa urahisi.

Watakaopinga watasema kwamba hadithi zetu tangu zamani zilikuwa za kufunza, kwa hiyo funzo ndilo kipimo. Sina ugomvi na funzo. Lakini ngano zenyewe hazikuwa na adabu kiasi hicho: Sungura hushinda mara nyingi kwa hila tupu, na Abunuwasi huwafedhehesha wakubwa huku watoto wakicheka. Hata kazi iliyojaa maadili kuliko nyingine, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), ambayo majina yake tu ni mahubiri, Hasidi na Mwivu, haianzi kwa kuhubiri. Inatupa fumbo: kwa nini mtu mwema, chini ya mfalme anayewapenda wanyama, awachape manyani wawili kila usiku? Msomaji husoma ili ajue sababu, na maadili humfikia akiwa anatafuta kitu kingine. Kitabu kinachotangaza funzo ukurasa wa pili kimemlipa mtoto kabla hajafanya kazi.

Wengine watajikinga kwa ithibati. Taasisi ya Elimu Tanzania na mwenzake wa Kenya, KICD, hupitia vitabu kabla havijaruhusiwa kutumika shuleni, na kazi hiyo ni ya lazima. Inazuia makosa na maudhui yasiyofaa. Ila kitabu kisicho na kosa kinaweza kuwa kimepooza. Ithibati ikuondolee vibaya. Vizuri uvitafute mwenyewe.

Kasoro nilizozitaja hutokea sana katika tafsiri, lakini nisieleweke kwamba nawachukia wafasiri. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyochapishwa London mwaka 1940, ilimpa Elisi sura ya msichana wa Kiafrika katika picha zake, ishara kwamba aliyeiandaa alijua anamwandikia nani. Mfasiri wa namna hiyo husimulia upya. Wa namna nyingine wamejaa siku hizi, hasa katika hadithi za bure za kwenye mtandao. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapishwa bila malipo, na ubora wake unapishana mno. Tumia hapo kipimo cha -ka- kabla ya kupoteza wino. Tena shule hailazimiki kuishi kwa tafsiri: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulinunua sehemu kubwa ya nakala za hadithi zilizotungwa kwa Kiswahili na kuzipeleka shuleni, na waandishi kama Elieshi Lema wameandikia watoto kwa lugha hii kwa miaka mingi.

Picha ihukumiwe kwa swali moja: inaongeza nini ambacho maneno hayakusema? Katika vitabu vya John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, wanyama waliovaa nguo hujaza ukurasa kwa shughuli zao, na mtoto asiyejua kusoma hupata la kusimulia. Kuhusu umbo la kitabu nitasema machache. Kilichobanwa kwa pini mbili hupoteza karatasi ya katikati kwanza, na Pwani pini hushika kutu. Kishone kwa uzi kabla hakijaazimwa.

Linabaki pingamizi la uhaba: rafu ikiwa tupu, si bora chochote? Hapana, maana mtoto anayekutana na hadithi tatu zilizopooza mfululizo haazimi ya nne. Kwa fedha za vitabu kumi, nunua vitabu vinne tofauti vilivyopita mtihani wa sauti, nakala moja moja, uvisome darasani. Sita zilizobaki ziwe nakala za kile ambacho watoto wameomba kisomwe tena.