Je, Alirudi Kweli?

Sinema moja ya Marekani ya mwaka 1955 inaitwa To Hell and Back, maana yake Kwenda Jehanamu na Kurudi. Inasimulia vita vya askari Audie Murphy, na anayemchezea Audie Murphy ni Audie Murphy mwenyewe. Jambo hili ni nadra. Basi tuipime sinema hii kwa jina lake: je, mtu huyu alirudi?

Kwanza tumjue. Alizaliwa Texas mwaka 1925, mtoto wa maskini. Baba yake aliwaacha. Kijana akavuna pamba na kuwinda ili wadogo zake wapate kula. Mama yake alikufa mwaka 1941. Mwaka wa pili akaingia jeshini, ijapokuwa askari wa majini walikuwa wamemkataa kwa udogo wa mwili wake. Alipigana Sicilia, Italia na Ufaransa, akajeruhiwa mara tatu. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr, alipanda juu ya gari la vita lililokuwa likiwaka moto, akawazuia Wajerumani kwa bunduki ya rashasha muda wa saa nzima hivi. Alikuwa na miaka 19. Alipewa nishani kuu ya nchi yake. Picha yake ikatolewa katika gazeti Life. Mchezaji James Cagney akaiona, akamwita Hollywood.

Sasa tuseme sifa za sinema. Murphy hajitukuzi hata kidogo. Anasema kwa sauti ya chini, uso wake umetulia, kama mtu anayefanya kazi tu. Wachezaji wengine hukunja uso na kupiga kelele ili tuamini kwamba ni mashujaa. Yeye hahitaji.

Lakini kasoro zipo. Siku ile ya Holtzwihr theluji ilifunika mashamba, na baridi ilikuwa kali. Katika sinema theluji haipo, na vita vinaonekana safi mno. Rafiki yake mkubwa, Lattie Tipton, aliuawa mwaka 1944 kusini ya Ufaransa na maadui waliojifanya kujitoa. Sinema inakionyesha kifo hicho, lakini marehemu amepewa jina lingine, Brandon.

Kasoro kubwa iko mwishoni. Sinema inaishia kwenye sherehe ya nishani: askari wamepanga safu, mambo yamekwisha. Kumbe hayakukwisha! Kwa miaka mingi Murphy alilala na bastola chini ya mto. Ndoto za vita zilimsumbua. Alitumia dawa za usingizi mpaka zikamtawala. Halafu akajifungia chumbani peke yake ili kuziacha, akaziacha. Baadaye alisema waziwazi kwamba serikali iangalie majeraha ya roho ya askari waliotoka Korea na Vietnam. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1971.

Nilipoitazama sinema hii pamoja na vijana wa kwetu, walipiga makofi Murphy alipopanda juu ya gari lile. Sikuwakemea, ushujaa ule ni wa kweli, na mimi pia moyo wangu uliruka. Lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma, ambaye zamani alikuwa askari, hakupiga makofi. Alitazama chini mpaka taa zikawashwa. Hapo nikatambua ni kitu gani kimekosekana.

Mtu aliyejifunga chumbani ili ashinde dawa, kisha akawaambia watu wote habari zake ili kuwasaidia wenzake, alionyesha ushujaa wa pili. Ushujaa huo hauna nishani, na sinema haikuuonyesha.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi itazame. Ni sinema njema. Lakini ikimalizika usiondoke upesi. Waeleze watoto mambo yaliyofuata, na mtazame mzee wa jirani yako aliyerudi kutoka vitani. Labda bado yuko njiani.